Loiyangalani: kulala, kutembea na ule upepo (maswali na majibu)

Tangu niseme nilienda Loiyangalani, ule mji mdogo kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, Desemba na mtu wangu, inbox haipumziki, kwa hivyo wacha niyajibu yote hapa kwa mpigo mmoja.

"Mimi nataka kulala tu, mume wangu hawezi kukaa kitako hata dakika kumi. Tutapatana kweli? Na siku ngapi?"

Mtapatana kuliko mkienda ufukwe wa Diani dada, maana Loiyangalani anayepanga ratiba ni jua. Saa kumi na mbili asubuhi yeye aamke atafute kijana wa pale amtembeze kwenye vile vilima vya mawe meusi, ikifika saa nne amechomeka anarudi mwenyewe bila kuitwa, mnalala chini ya mikoma mpaka saa kumi, halafu jioni mnatoka pamoja kuangalia ziwa likigeuka rangi. Saa saba mchana hata wenyeji huwaoni nje. Bado akisumbua, mpeleke Mlima Kulal, una zaidi ya mita 2,200 na huko juu ni msitu na ukungu, yaani asubuhi ulikuwa kwenye tanuru na sasa unauliza nani alibeba sweta. Gari linafika Gatab, hapo mnashika mguu, na msiende bila mtu wa kuwaongoza.

Usiku tatu pale pale mjini, ukitoa siku za barabarani. Wa wikendi wataona dashibodi tu.

"Kigari changu cha Vitz kitafika?"

Hapana jameni. Lami ni nzuri kutoka Nairobi kupita Isiolo mpaka Laisamis, hapo unakata kushoto unashika ile barabara ya changarawe iliyotengenezwa upya kupitisha mitambo ya mradi wa umeme wa upepo, kama kilomita 200 hivi, unapitia Illaut na South Horr. Ukifika Sarima utaona mapanga ya mitambo hiyo yanazunguka mpaka macho yachoke, mitambo iko 365, megawati 310, na stima yote inaondoka na waya wa zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa huko chini. Sisi usiku huo tulikula kwa tochi. Sisemi kitu.

Baada ya Sarima ndipo mawe ya volkano yanaanza na hayo hayana huruma na tairi. Beba spea mbili, jaza mafuta kabla hujaacha lami, usiendeshe usiku, na uliza hali ya usalama kwa watu walio kule wiki hiyo hiyo, si kwa binamu yako wa Nairobi.

"Ziwani tunaweza kuogelea?"

Ziwa Turkana lina mamba. Wengi. Kuna watoto watakuambia sehemu fulani ni salama lakini wewe si mtoto wa pale. Mji wenyewe uko hapo kwa sababu ya chemchemi ya maji matamu, ndiyo iliyootesha ile mikoma yote, na jina lenyewe kwa Kisamburu ni mahali penye miti mingi. Tafuta pa kulala penye kidimbwi kinachopata maji ya chemchemi, utaloweka mwili mpaka vidole vikunjane. Ziwani panda boti uende kwa Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi, kijiji chao cha Komote siku hizi kimezungukwa na maji kwa vile ziwa limepanda, na mwenye boti akisema leo upepo umekataa, usibishane naye wala usimwongezee hela abadilishe mawazo.

"Tubebe hema tuokoe pesa?"

Haha. Upepo wa usiku unashuka kutoka Kulal kama una deni na wewe. Hema letu la bei ya sale lilivunjika nguzo usiku wa kwanza, tukamalizia kwa banda la makuti kwa mama mmoja na hapo ndipo tulilala vizuri safari nzima. Kama lazima, hema fupi, vigingi vya chuma, na leso ya kufunga uso maana mchanga utaula.

"Na picha? Shanga za Waturkana ni moto!"

Salimia kwanza, kaa kidogo, nunua hata bangili, ndio uulize. Akisema hapana basi ni hapana, na akisema ndiyo kwa bei, patana kabla hujatoa simu, si baada. Kwenye ile makumbusho ya jangwa juu ya kilima hutamsumbua mtu, na mandhari ya ziwa kutoka pale saa kumi na moja jioni nilipiga picha 60, zote zinafanana.