Santuri za babu au simu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Pasua, Moshi. Babu alipofariki vitu vikagawanywa, mi nikaachiwa boksi la santuri, nyingi ni zile ndogo za 45, dansi la miaka ya sabini, za Simba Wanyika nazo zimo. Nyumbani nina amplifaya ya zamani na spika mbili za mbao, mziki napiga kwa simu kupitia Bluetooth. Sasa kuna jamaa Kiboriloni anauza vitu vya kontena, ana pleya ya santuri imetoka Marekani anataka laki tatu na nusu. Rafiki yangu anasema hizo ni mbwembwe, digitali ishamaliza kila kitu. Nani mkweli? Nisije nikatupa hela.

JIBU: Marahaba kijana, na pole kwa msiba. Rafiki yako kwenye vipimo yuko sahihi. CD tangu ilivyoingia sokoni 1982 inabeba tofauti ya kama desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, santuri hata iwe nzima vipi haifiki huko, halafu ina mikwaruzo, ina vumbi (na vumbi la Pasua we unalijua), na kadiri sindano inavyokaribia katikati ya sahani sauti inazidi kuchafuka. Ile "sauti ya joto" watu wanayoisifia sehemu kubwa ni huo uchafu wenyewe, mchafuko kidogo ambao masikio yanaupenda, sio dhambi lakini sio ubora. Na santuri mpya nyingi za siku hizi zinakatwa kutoka faili la digitali, sasa mtu analipa hela nyingi asikilize faili lile lile kupitia sindano, mi huwa nacheka tu.

Ila we kesi yako ni nyingine bana. Swali lako sio ipi inalia vizuri, swali ni hizo nyimbo utazipata wapi kwingine. Ndugu wa Kinyonga walitoka hapa Arusha wakaenda Nairobi 1971 ndo ikazaliwa Simba Wanyika, na enzi hizo bendi za kwetu zilirekodiwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) kwenye tepu, anayetaka santuri anavuka mpaka. Nyimbo maarufu utazikuta mtandaoni sawa, lakini upande wa pili wa zile 45, ile nyimbo ambayo hakuna aliyeigombania, mara nyingi haipo popote zaidi ya kwenye boksi kama hilo lako. Kwa iyo pleya unaihitaji, hata kama ni ya kuzipiga mara moja tu ukazirekodi kwenye kompyuta.

Sasa hiyo ya Kiboriloni usiilipie kwanza. Marekani umeme ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde (ndo hiyo Hz), sisi ni 230 na 50. Volti utashusha kwa transfoma, watu wote wanajua hilo, lakini transfoma haibadilishi mizunguko, na pleya ambayo mota yake inafuata mizunguko ya umeme ikija huku inapunguza mwendo, santuri ya raundi 33 kwa dakika inazunguka kama 28 hivi, ya 45 inakuwa 37 na nusu, mwimbaji anaimba kama amelewa na muuzaji atakwambia ni mkanda umelegea. Geuza pleya usome kibati cha nyuma. Kikisema 50/60 Hz angalia kama kuna swichi au puli ya kubadilisha. Kama inatumia adapta ya DC au mota yake inaongozwa na kwatzi (kioo kidogo kinachoshika mwendo), hilo halikuhusu. Kikisema 60 Hz peke yake mwachie mwenyewe, hata akishusha iwe laki.

Kingine, sindano. Iliyoisha inakwangua santuri kabisaa na hairudi, kwa iyo weka hela ya sindano mpya pembeni, na usiweke sarafu juu ya kichwa kinachoshika sindano kama wazee walivyokuwa wanafanya. Amplifaya yako ya zamani angalia nyuma kama ina tundu limeandikwa PHONO, maana kichwa cha pleya kinatoa milivolti chache tu, ukichomeka kwenye tundu la CD utasikia kwa mbaali halafu besi hakuna. Waya wa ethi ufunge, usipofunga itaunguruma usiku kucha. Na kama kwenye boksi kuna zile nzito za 78, usizifute kwa spiriti, zinayeyuka, na zina sindano yake nene tofauti.

Mziki wa kila siku endelea na simu, ila nunua waya uachane na Bluetooth, utashangaa.

SWALI: Fundi, niko Ngarenaro, flashi yangu imejaa MP3 za 128 (kilobiti kwa sekunde). Nikizigeuza ziwe FLAC, zile faili zinazobanwa bila kupoteza sauti, sauti itapanda?

JIBU: Haipandi dada, linapanda faili tu. MP3 ilishatupa vitu wakati inabanwa na hakuna programu ya kuvirudisha. Tafuta CD uibane upya, dakika moja ya CD ni kama MB 10, ukiiweka FLAC inashuka karibu nusu bila kupoteza kitu. Kama flashi ni ndogo weka MP3 ya 320, kwa spika za sebuleni wengi wetu hatutajua tofauti.