Betri za raki: pima kwanza, washa baadaye

Mafundi wengi wa umeme tumezoea kazi yenye swichi kuu. Unazima, unapima, ndipo unashika. Betri haikupi nafasi hiyo. Inatoka kwenye boksi lake ikiwa na umeme tayari, na hakuna pa kuizimia. Chukua moja ya volti 12 na ampea-saa 100, zile nyeusi zilizofungwa ambazo haziongezwi maji. Ukigusa vichwa vyake kwa mikono mikavu hutasikia kitu, na ndiyo maana watu huidharau. Sasa spana ilale kati ya chanya na hasi: zinaweza kupita ampea zaidi ya elfu mbili kwa mpigo mmoja. Chuma kinawaka, madini ya risasi ya kichwa cha betri yanayeyuka na kukurukia usoni.

Nimefunga raki za betri, yaani rafu za chuma zenye betri za akiba za kushika mzigo stima ikipotea, hapa Mombasa: kwenye maduka ya Digo Road, ofisi za Kizingo na vyumba vya mitambo ya intaneti huko Nyali. Haya ninamwandikia fundi anayekwenda kufunga raki yake ya kwanza, pamoja na mwenye duka anayejiuliza kwa nini fundi amejifungia mle ndani tangu asubuhi na bado hajawasha kitu.

Kuna kazi usijifunzie. UPS nyingi za ofisi, ile mitambo inayoshika kompyuta stima ikipotea, hutumia betri 16 kwa msururu mmoja, chanya ya moja ikifungwa kwenye hasi ya nyingine, na msururu huo ukiwa kwenye chaji unapita volti 200 za DC, yaani umeme wa aina ya betri. Hizo zinaua, na cheche yake ikishika haikatiki kirahisi kama ya umeme wa ukutani. Ndiyo sababu swichi na fyuzi za upande wa betri lazima ziwe zimeandikwa kuwa ni za DC na za volti hizo. Ile ya kawaida ya nyumbani haifai hata kama inaingia vizuri kwenye reli. Mtafute mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, nawe ujue tu cha kumuuliza. Msururu wa betri nne, volti 48, ndio nitakaouzungumzia zaidi, ingawa utaratibu ni ule ule.

Tuanze na uzito, kwa sababu kwa niliyoyaona mgongo huumia kabla umeme haujamgusa mtu. Betri moja ya ampea-saa 100 ina kilo 30 hivi. Kumi na sita ni karibu nusu tani, na hapo hujahesabu raki yenyewe. Mji wa Kale kuna ofisi nzuri zilizo juu ya sakafu za boriti za mikoko na chokaa. Kabla hujapandisha nusu tani mahali penye upana wa meza ndogo, muulize mtu anayejua majengo. Mimi huomba raki ikae chini, kando ya ukuta, hata kama bosi alipanga kuweka kaunta pale. Ifungwe kwa bolti sakafuni au ukutani ikiwa bado tupu, kisha ujaze kuanzia rafu ya chini kwenda juu. Ukianza juu, raki inakulalia.

Hamali wetu wana nguvu kutushinda, lakini ukiwaachia watabeba betri kama gunia la mchele, kichwani, imelala ubavu. Simama nao. Watu wawili kwa betri moja, ikae wima, na asiishike mtu kwa vichwa vyake. Ikianguka, iweke kando hata kama huoni ufa. Ufa mwembamba hujionyesha baadaye, asidi ikianza kutoa jasho kwenye rafu. Kati ya betri na betri acha upenyo wa kidole ili hewa ipite.

Chumba nacho kina mambo yake. Betri hizi hurudisha gesi yake ndani, ila zikichajiwa kupita kiasi vali hufunguka na haidrojeni ikatoka. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Kwa hiyo usizifungie kwenye kabati lisilo na matundu, na matundu ya juu ndiyo yenye maana, kwani haidrojeni hupanda. Kwetu huku nina ombi la ziada: asubuhi watu hufukiza udi dukani. Chetezo kisiingie chumba cha betri. Nimewahi kumkuta mama mmoja amekiweka juu kabisa ya raki, ati ndipo moshi unapotawanyika vizuri. Tulielewana, na udi ukahamia kwa wateja.

Vifaa ni vichache. Vua pete, saa na mkufu. Mwenye bangili avue. Spana zote zivishwe tepu ya umeme, ubaki mdomo tu. Miwani ya kinga, glavu za mpira, kipande cha mpira au mkeka wa plastiki wa kufunika rafu ambayo huifanyii kazi. Weka ndoo ya maji safi mlangoni pamoja na magadi ya jikoni ya kumwagia asidi ikivuja sakafuni. Magadi ni ya sakafu. Jicho likiingiwa na asidi huoshwa kwa maji matupu yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Kabla ya kuunganisha chochote, pima kila betri peke yake, uandike volti na tarehe kwenye kipande cha tepu, ubandike ubavuni mwake. Betri mpya yenye afya ikiwa imetulia itasoma kati ya 12.7 na 12.9. Iliyo chini ya 12.5 nisingeiweka kwenye msururu kabla ya kuichaji peke yake na kuiona inashika. Betri hupoteza chaji zikikaa tu, na joto huharakisha. Wenye viwanda husema zichajiwe upya zikikaa miezi sita kwenye nyuzi 25. Yetu imevuka bahari ndani ya kontena, ikashuka Kilindini, ikakaa ghalani chini ya bati. Angalia tarehe ya kutengenezwa wala usione haya kumrudishia muuzaji. Ya zamani na mpya pia usizichanganye, wala ampea-saa 100 na 120, eti zote ni volti 12. Ile dhaifu itazivuta zenzake chini, na hutajua ni ipi mpaka uzipime moja moja tena.

Sugua vichwa kwa brashi hadi ving'ae, kaza, ndipo upake grisi nyembamba ya vichwa vya betri. Hewa ya chumvi ya Nyali haina huruma. Pasipo grisi utaona ukoko wa kijani kwenye shaba mapema kuliko unavyodhani. Kukaza kuna kipimo, kimeandikwa kwenye betri au kwenye karatasi yake, na kuna spana maalumu ya kukipima. Fundi anayekaza mpaka agune anavunja risasi kwa ndani. Anayelegeza anatengeneza jiko: kiungo kilicholegea huwaka moto siku stima imepotea na mzigo wote umehamia hapo.

Unganisha betri za rafu moja moja, lakini kiungo cha kati ya rafu na rafu kiache mpaka mwisho. Namna hiyo hakuna wakati unafanya kazi mbele ya volti zote. Swichi ya betri iwe imezimwa na fyuzi imetolewa.

Sasa jambo linalowachanganya mafundi wa magari na wa sola. Kwenye mitambo mingi ya simu ya volti 48, kinachofungwa kwenye ardhi ni chanya, na hasi ndiyo yenye moto. Aliyezoea hasi kwenye bodi ya gari ataunganisha kinyume akiwa na uhakika kabisa moyoni. Tena aliyetangulia huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao siku hiyo, kwa hiyo rangi nisingeiamini. Weka mita.

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi. Washa kwanza chaja au UPS kwa umeme wa ukutani, swichi ya betri ikiwa bado imezimwa na fyuzi bado iko nje. Hilo lina sababu: ndani ya UPS mna kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi umeme, na zikiwa tupu betri huzijaza kwa ghafla, ndiyo ile cheche inayomrusha mtu nyuma. Mitambo mingine ina utaratibu wake wa kuzijaza taratibu. Soma kitabu chake na ukifuate. Rekebisha volti za chaji na kikomo cha ampea. Kwa betri za ampea-saa 100, ampea 10 hadi 20 zinatosha. Kisha rudisha fyuzi, swichi ikiwa bado imezimwa.

Halafu pima kuvuka swichi yenyewe: waya mmoja wa mita kwenye mguu wa upande wa betri, wa pili kwenye mguu wa upande wa chaja. Chaja ikiwa na volti 54 na betri zako 51, mita itasema 3 hivi. Ni tofauti tu, na hiyo ni salama. Kama umeunganisha kinyume, mita itakuonyesha volti 105, yaani zote mbili zimejumlishana. Ukiona hivyo ondoa mkono kwenye swichi, toa fyuzi, ufuate waya mmoja mmoja. Kipimo hiki ni cha nusu dakika, na sijaona kingine kinachookoa vitu vingi kama hiki. Ikisoma sifuri pia usifurahi: huenda fyuzi imekatika au kuna kiungo hujakirudisha.

Ikiwa sawa, simama kando ya raki, geuza uso, sukuma swichi kwa mara moja bila kusitasita. Ampea zitapanda kisha zianze kushuka polepole. Hapo mwenye duka atakuja.

"Fundi, zima stima basi tuone kama inashika."

"Kesho, mzee."

"Kesho? Si umeshawasha?"

Mwache anune. Betri mpya ziachiwe saa 24 kwenye chaji kabla ya kujaribiwa, la sivyo utapima chaji nusu na kuandika majibu ya uongo. Siku ya pili pima tena kila moja, ukate umeme, uangalie volti zikishuka chini ya mzigo. Dhaifu hujitenga haraka na wenzake. Usiishushe chini ya volti 10.5 kwa betri, yaani 42 kwa msururu wa nne. Viungo vipime kwa kipimajoto cha kumulika. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, hicho kaza upya baada ya kuzima swichi.

Limebaki joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hukata nusu ya maisha ya betri: ya miaka kumi kwenye nyuzi 25 itakupa kama mitano kwenye 35. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hapa hufika huko bila shida. Halafu stima ikipotea kiyoyozi nacho kinazima. Kwa hiyo volti za chaji lazima zishuke joto linapopanda, kama milivolti 3 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja. Msururu wa volti 48 una seli 24, sita ndani ya kila betri. Ukichaji kwa 54.4 kwenye nyuzi 25, kwenye nyuzi 33 unatakiwa uwe karibu 53.8. Chaja nzuri hufanya hesabu hii yenyewe, mradi kihisi chake kimebandikwa kwenye betri ya katikati. Nimekuta vingi vimetundikwa ukutani mbele ya kiyoyozi, chaja inadhani iko kwenye baridi ya Limuru, betri zinavimba.

Na zile kuukuu ulizozitoa? Mombasa tunao mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza risasi kwenye miili ya watoto na mama zao, mwanaharakati Phyllis Omido akapigania mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo usimpe muokota vyuma anayepita na mkokoteni, hata akikupa bei nzuri. Peleka kwa mwenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na udai karatasi. Mpaka atakapokuja kuzichukua, ziba vichwa vyote kwa tepu na uzisimamishe wima, kwa sababu betri "iliyokufa" bado ina umeme wa kutosha kuyeyusha spana.