Ova fenda za pikapu: ukishatoboa bati, chumvi ndo inakusubiri

Asalaam alaykum jamani. Mwaka jana niliweka tairi pana kwenye Hilux yangu, ikawa kila nikipita njia za shamba kule Konde lile tope jekundu linaruka mpaka kwenye vioo vya milango, basi nikanunua ova fenda, zile plastiki nyeusi zinazokaa juu ya tairi, nikampa fundi. Saa moja na nusu kamaliza, nikafurahi kweli. Miezi mitano baadae natoka Wete na magunia ya karafuu nyuma, nasikia kitu kinapiga pa pa pa, kusimama naona ile ya nyuma kushoto inaning'inia kwa skrubu moja.

Plastiki haikuniuma. Kilichoniuma ni pale nlipoivua nikakuta kila tundu limeota kutu, michirizi ya rangi ya chai imeteremka kwenye rangi nyeupe ya gari, na tundu moja nikiligusa kwa kidole bati linamomonyoka. Yule fundi alitoboa bati akapiga skrubu za kawaida palepale, hakupaka kitu, hakuweka mpira wala nini. Huku kwetu Pemba hakuna pahala palipo mbali na bahari, bati lililo wazi halingoji mwaka.

Safari ya pili nilikaa na fundi mwengine kutwa nzima na ndo nataka niwaambie tulivofanya.

Kwanza tuliiegesha tu bila kutoboa. Ova fenda ya kebini moja na ya kebini mbili zaweza kupishana, na hata mwaka wa gari unabadilisha umbo la fenda, kwa hiyo ishike kwa tepu ya karatasi, rudi nyuma hatua tatu uitizame, kisha angalia kama matundu yake yanakutana na matundu ya kiwandani yaliyokuwemo ndani ya fenda. Yakikutana tumia hayo hayo, tundu usilotoboa halioti kutu. Halafu kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, tia na mzigo nyuma, uone tairi haigusi. Na chungulia ndani kabla ya drili, nyuma ya bati kuna nyaya za taa, na upande wa tangi kuna bomba la mafuta.

Kama lazima utoboe, anza na ncha ya milimita 3 ndo uje kubwa. Sasa hapa tafadhali msiharakishe: ule unga wa chuma unaotoka kwenye drili ukibaki juu ya rangi, siku mbili tatu unaona vidoadoa vya kutu gari nzima. Sie tulipitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, tukaosha, tukakausha, tukasugua kingo za kila tundu kwa msasa mwembamba, praima ya zinki, yaani rangi ya chini ya kuzuia kutu, kwa brashi ndogo ya kuchorea, ikakauka, tukarudia, kisha rangi juu yake. Fundi aliniambia "sheikh hii kazi ya kuchosha" nikamwambia nachoka mie na wewe, gari isichoke.

Bolti nunua za stenlesi, na tizama kichwani, zimeandikwa A2 au A4. A4 ndo inayostahamili chumvi zaidi, ukipata chukua hiyo hata kama bei iko juu. Weka washa ya plastiki kati ya bolti na bati na nati zile zenye nailoni ndani, hazilegei kwa mtikisiko. Mpira wa ukingoni usiuache kabisa, bila mpira plastiki inasugua rangi kila ukipita shimo na vumbi linafanya kazi ya msasa.

Kukaza anza katikati ya tao, uende huku na huku kidogo kidogo, kwa spana ya mkono. Plastiki ikianza kubonyea simama hapo hapo, ukilazimisha itapasuka ukiiacha juani.

Wanaotumia tepu ya gundi peke yake, kwa ova fenda nyembamba sawa, lakini pangusa juu ya rangi kwa spiriti kwanza, ikaushe, ibandike kisha isiroweshwe siku 3. Kwa hizi pana mie siiamini.

Baada ya hapo nikatoka mji wa Mkoani mpaka Konde na kurudi, zaidi ya kilomita 100, nikakaza tena, bolti nne zilikuwa zimelegea kidogo.

Sasa hivi kila nikitoka pwani kuchukua samaki naingiza mpira wa maji matamu nyuma ya ova fenda mpaka mchanga wote utoke, na kabla ya masika naivua ya nyuma kushoto, ile ile, nalitizama lile tundu lililokuwa likimomonyoka, ambalo tulilichomelea. Mwaka huu lilikuwa kavu na rangi yake ipo.