Kumdai mteja elfu 180 za mageti bila wakili

Ndugu umeuliza kama ni lazima uwe na wakili kumdai mteja ambaye hajakulipa shilingi elfu 180 za mageti uliyomtengenezea. Hapana, si lazima. Hapa Kenya, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yake ya 2016 inakuruhusu ujiwakilishe mwenyewe. Mimi ni fundi wa madirisha, nilisimama peke yangu na meseji za M-Pesa nilizochapisha saiba, pamoja na kikaratasi cha vipimo alichotia sahihi mteja. Mwamuzi aliulizia hicho kikaratasi kwanza! Kisheria hukumu inafaa itoke ndani ya siku 60. Ila kama alikuwa amekuajiri na hiyo ni mishahara, hawapokei. Kesi za kazi zina mahakama yake.