Mji uliopewa jina la mfalme

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza imekuwaje Wamarekani, waliopigana ili wasitawaliwe na mfalme, wakaupa huo mji wako wa Louisville, jimboni Kentucky, jina la mfalme. Swali hilo limenifurahisha.

Mfalme mwenyewe ni Louis wa 16 wa Ufaransa. Mwaka 1778, vita na Uingereza vikiwa vimepamba moto, alifunga mkataba na Wamarekani, akawasaidia kwa silaha, fedha na askari. Mwaka 1780 Bunge la Virginia, maana Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, liliutambua mji rasmi na kuupa jina lake kwa shukrani. Mwaka 1793 Wafaransa wenyewe wakamkata kichwa.

Ila mji haukuzaliwa na mfalme, ulizaliwa na maporomoko. Hapo Mto Ohio hushuka juu ya miamba, karibu mita 8 katika mwendo wa kilomita 3 hivi. Maji yakiwa machache, mashua zilikwama: shehena ishushwe, ibebwe nchi kavu, ipakiwe tena chini. Penye kazi hiyo hapakosi wapagazi, maghala na wachuuzi. George Rogers Clark, kamanda wa jeshi la Virginia, alifika mwaka 1778 na askari pamoja na familia kadhaa, wakakaa kwanza kwenye kisiwa kidogo, Corn Island, wakalima mahindi. Leo hukioni, kimemezwa na mto. Mfereji wa kukwepa maporomoko ulifunguliwa mwaka 1830.

Sasa kuna mtu ninayetaka umjue kuliko huyo mfalme. Anaitwa York, mtumwa wa William Clark, mdogo wake George. Mwaka 1803 aliondoka hapo kwenye maporomoko na msafara wa Lewis na Clark, uliotumwa na serikali kuchunguza nchi za magharibi, akafika hadi Bahari ya Pasifiki. Walipopiga kura wapi wakae majira ya baridi ya 1805, naye alipiga. Waliporudi, wenzake walilipwa mishahara na ardhi. Yeye hakupata kitu. Mkewe alikuwa upande wa Louisville, mbali na St. Louis alikohamia bwana wake. Akaomba uhuru, na kwa miaka mingi William Clark akamkatalia. Inaniuma kila nikiisoma habari hiyo.

Sanamu ya York iko katikati ya mji, karibu na mto. Nenda ukaione, unitumie picha. Kisha vuka mto upande wa jimbo la Indiana: mto ukipungua, miamba hujitokeza, imejaa matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe.

Wako,
Baba