Jibu: Kompyuta ya mezani inajizima yenyewe

Mkuu, umesema inazima baada ya kama dakika 10, hasa ukicheza gemu, na ukiiwasha papo hapo inazima tena mpaka ipoe. Hicho cha "mpaka ipoe" ndicho kinachonifanya nishuku joto. Prosesa (ubongo wa kompyuta) nyingi zikifika karibu nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda hujizima zisiungue.

Ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijawaka), iache hapo huku ukiangalia joto. Ikizima ukiwa humo humo, Windows haihusiki, kwa hiyo usipoteze muda kuipiga (kuisakinisha) upya. Joto likipita 80 na mashine haina kazi yoyote, chomoa waya wa umeme ufungue kava. Mara nyingi utakuta vumbi limeziba hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa. Lipulize huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Kisha ng'oa hitisinki, futa pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) iliyokauka kwa spiriti, paka mpya kidogo tu. Ukiirudisha, hakikisha pini zote nne zimeshika. Mimi nilisumbuka wiki nzima, kumbe moja ilikuwa imechomoka!

Kama joto linacheza kwenye 40 au 50 na bado inazima, hasa gemu likianza, basi shuku pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Azima iliyo nzima ujaribu. Ila usiifungue ya kwako: kapasita zake (vifaa vinavyohifadhi umeme) hubaki na umeme hata ikiwa imechomolewa.

Ile Kernel-Power 41 uliyoiona kwenye kumbukumbu za matukio za Windows inasema tu kwamba mashine ilizimika ghafla. Sababu haitaji.

Leta namba za joto hapa tuendelee.