Usimtoe mtoto damu kabla hajapimwa masikio

Dada, usilipe kwanza. Uzi wako hapa jukwaani nimeusoma mchana nikiwa kwenye foleni ya malori hapa Malaba, mpakani. Nikaanza kukujibu palepale, mkono ukawa unatetemeka, nikaacha. Sasa ni usiku, watoto wamelala, naandika.

Umesema mwanao ana miaka mitatu na nusu, hasemi, ukimwita hageuki. Kliniki fulani ya Kampala inataka shilingi milioni 3.9 impime autoantibodi za ubongo, yaani kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, damu ipelekwe Ulaya, na kwa kuwa una mimba ya miezi mitano wanataka wakupime na wewe. Umeuliza kama bei ni ya haki, kama mtoto akae bila kula siku ya kutolewa damu, na pa kulala karibu na kliniki.

Mimi mwaka 2021 nililipa milioni 4.2. Niliuza ng'ombe wawili wa marehemu baba, zilizobaki nikakopa SACCO. Ng'ombe wananiuma, sikatai, ila sio wanaoniamsha usiku. Kinachoniamsha ni kikaratasi.

Mtoto wangu alipokuwa na miaka mitatu, muuguzi wa kituo cha afya huku kwetu Tororo alisimama nyuma yake akapiga makofi. Mara moja, mara mbili. Mtoto akaendelea kupanga vifuniko vya soda sakafuni. Muuguzi akachana ukurasa wa daftari, akaandika kwamba apelekwe hospitali kubwa kupimwa usikivu, akaukunja na kuutia ndani ya kitabu chake cha kliniki. Wiki hiyohiyo shemeji yangu akanipa namba ya bwana wa Kampala.

Bwana yule ana koti jeupe, ofisi ina feni na picha kubwa ya ubongo wa rangi rangi. Akatueleza vizuri mno: kingamwili ni askari wa mwili, autoantibodi ni askari waliogeuza bunduki kwa mwenye nyumba, wakiupiga ubongo mtoto anakuwa bubu. Nani asingeelewa? Nikamwonyesha kikaratasi cha muuguzi. Akakisoma, akakirudisha kitabuni, akasema: "Hao wa kijijini wanaangalia masikio, sisi tunaangalia chanzo." Na mimi nikafurahi! Nikaona nimefika kwa wajuzi. Akamshika mtoto mkono, akatafuta mshipa, akajaza vichupa vitatu. Masikioni hakummulika hata kwa tochi ya simu.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba, kurasa sita. Ukurasa wa nne una mstari mwekundu: autoantibodi za kipokezi cha foleti, chanya. Foleti ni ile vitamini wanayopewa wajawazito. Kipokezi hicho ndicho kinachoivusha kuingia kwenye ubongo, na kingamwili hizi zikikikalia, mlango unaziba. Sayansi hiyo ipo, si uzushi. Ubaya ni kile alichotuambia baada ya hapo: kwamba jibu tumeshalipata.

Na mtu akishapata jibu anaacha kutafuta. Miezi kumi na minne tulikaa na jibu letu. Tulinunua chupa za vidonge kwake kila mwezi. Tulimnyima mtoto maziwa, tukamnyima chapati, akawa anasimama mlangoni kwa jirani akinusa. Mwalimu wa chekechea alipotuambia tumkalishe mbele nilimjibu kwa kiburi kwamba shida ya mwanangu ni ya kinga, si ya kiti. Kila alichofanya tulikisoma kwa karatasi ile. Alipenda kuegemeza shavu kwenye redio, anafumba macho, anakaa hivyo hata nusu saa. Tukasema ndiyo tabia za usonji (autism) hizo, tukawa tunamtoa.

Mama yangu alikuja kutoka kijijini kukaa nasi kwa wiki mbili. Siku ya tatu akaniita jikoni. "Huyu mtoto nikimwimbia kwa mbali hana habari. Nikimweka kifuani naye ananiimbia, anaguna kwa kufuata mdundo. Anasikia kwa mifupa, mwanangu. Masikio yake mmeyapima?" Nikaenda chumbani, nikafungua kitabu cha kliniki, kikaratasi kikaanguka sakafuni kikiwa kimekunjwa vilevile.

Daktari wa masikio alimwangalia dakika kumi. Nyuma ya ngoma za masikio yote mawili kulikuwa na ute mzito, mabaki ya yale mafua na maumivu ya masikio tuliyokuwa tukiyatibu nusunusu. Kipimo cha usikivu kikaonyesha kwamba maneno ya kawaida ya kuongea yalikuwa yanamfikia kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Ute ukikaa zaidi ya miezi mitatu na usikivu ukapungua, mtoto ni wa kufikiriwa kuwekewa vibomba vya kupitisha hewa kwenye ngoma ya sikio. Wakamwekea vibomba vidogo kuliko punje ya mchele. Gharama yote, pamoja na usafiri, haikufika nusu ya ile ya damu. Wiki ya pili tuko nyumbani, jogoo akawika, mtoto akaziba masikio kwa mikono miwili, akalia. Mke wangu naye akalia.

Usonji anao, wataalamu wamethibitisha, wala sikudanganyi kwamba vibomba viliufuta. Ila mtoto mwenye usonji na asiyesikia amefungiwa milango miwili, na huu mmoja ulikuwa unafunguka. Neno la kwanza alisema akiwa na miaka mitano: "maji". Hiyo miezi kumi na minne ilikuwa ndani ya miaka ambayo ubongo wa mtoto unashika lugha kwa kasi. Nani atanirudishia?

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, iandike kwenye kiganja. Kabla hajachomwa sindano mwulize musawo, yaani daktari: jibu likija chanya mtafanya nini, na likija hasi mtafanya nini? Kama ni kilekile, funga mkoba uondoke.

Nimejaribu sheria hiyo kwa kila nilichosoma tangu hapo. Mwaka 2013 mtafiti Frye na wenzake huko Marekani waliwapima watoto 93 wenye usonji, asilimia 75 wakakutwa na kingamwili hizi za foleti. Baadaye wengine wakazikuta hata kwa ndugu na wazazi wao wasio na usonji. Kuna jaribio dogo la watoto 48 lililoona asidi ya foliniki, aina mojawapo ya foleti, ikiwasaidia baadhi kuongea zaidi, na hilo nalifuatilia kwa moyo wote. Lakini chanya peke yake haikuelezi kwa nini mtoto wako hageuki ukimwita. Mwaka 2014 timu ya Ujerumani ilipima damu za watu zaidi ya 2,800, wazima na wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili) na wengine, wakitafuta kingamwili za kipokezi cha NMDA, kinachopokea ishara kwenye seli za ubongo. Karibu mtu 1 kati ya 10 alikuwa nazo, wazima kwa wagonjwa karibu sawasawa. Na hapahapa kwetu, ule ugonjwa wa kutikisa kichwa uliowashika watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini mwa Uganda: mwaka 2017 watafiti walikuta kingamwili za protini iitwayo leiomodini-1 kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, na pia kwa karibu theluthi ya wenzao wazima wa vijiji vilevile. Ni utafiti wa maana sana, unauhusisha ugonjwa huo na minyoo ya onko, ile ya upofu wa mto, inayoenezwa na inzi wa mitoni. Lakini jirani mzima akipimwa chanya, utamwambia ni mgonjwa?

Kuhusu mimba yako. Chuo Kikuu cha California, Davis, walikuta mchanganyiko fulani wa kingamwili kwa asilimia 23 ya akina mama wa watoto wenye usonji, na kwa asilimia 1 tu ya akina mama wengine. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma zikamfikia mtoto tumboni, hilo ni kweli. Sasa tumia sheria yangu: ikija chanya watakupa nini katika mimba hii? Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kukupa. Utabebeshwa hofu ya miezi minne, na wao watakuwa wamelipwa. Kataa.

Mahali pamoja siwezi kukuambia usubiri. Mtu aliyekuwa sawa, kisha ndani ya siku au wiki chache akabadilika, anaona visivyokuwepo, halali, maneno yanapotea, degedege, mdomo unachezacheza wenyewe, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Ugonjwa wa kingamwili za NMDA, ambao daktari Josep Dalmau na wenzake waliueleza mwaka 2007, huanza namna hiyo, sana kwa wasichana, wengine wakiwa na uvimbe kwenye ovari, na unatibika. Hapo kipimo kinabadilisha tiba, na maji ya uti wa mgongo yanaaminika kuliko damu peke yake. Lakini wako hakubadilika ghafla, umesema mwenyewe hajawahi kuongea.

Kesho, akiwa amekupa mgongo anacheza, simama mbali kidogo, asione kivuli chako, gonga sufuria kwa kijiko. Mwenzako awe upande wa mbele anamtazama macho. Kisha mwite kwa sauti ya kawaida. Hata akigeuka kwa sufuria bado mpeleke akapimwe, kwa sababu wangu sufuria alikuwa akiisikia, jina lake ndilo lilikuwa halimfikii. Na kitabu chake cha kliniki kipekue ukurasa kwa ukurasa, huenda kuna mtu alishakuandikia. Uandike hapa ulichokuta, sitalala nisiposoma.